Mwalimu Obdulia na Chura wa Mauti

Dada yangu Obdulia Cantú amefundisha hesabu katika shule ya sekondari ya hapa Montemorelos kwa muda mrefu kiasi kwamba sasa anawafundisha watoto wa watu aliowafundisha zamani. Wanaume wenye vitambi, wenye malori yao ya kubeba machungwa, wakimwona sokoni huchomekea shati. Si kwamba ni mkatili. Hajawahi kumpiga mtu wala kumtukana. Ila hana masihara, na akikutazama juu ya miwani unaanza kukumbuka makosa ambayo hata hukuyafanya. Ndiyo maana hakuna kijana mjini aliyejua kwamba dada yangu, alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba, aliliwa na chura.

Ilikuwa likizo ya kiangazi. Mwongozaji mmoja kutoka Monterrey, jina lake Hermilo Zertuche, alikuja mjini kwetu na gari la kuazima, kamera moja, na turubai la kijani. Alitaka kupiga filamu ya kutisha kuhusu wanafunzi wanaokwenda kuogelea kwenye mfereji wa bustani za machungwa, wasijue kwamba mfereji ule umemwagwa dawa ya wadudu, na dawa ile imemkuza chura mmoja mpaka akafikia ukubwa wa ng'ombe. Waigizaji aliwaokota hapa hapa. Obdulia alikuwa nyota wa maigizo ya shule, akapewa nafasi ya Lulú, msichana anayerudi peke yake kuchukua taulo alilolisahau. Nafasi ya chura akapewa Eleuterio, mtoto wa kinyozi, kwa sababu alikuwa mrefu na alikuwa mtu pekee aliyeweza kukaa ndani ya turubai na sponji kwenye jua la Agosti bila kuzimia. Mimi nilikuwa mdogo. Nilikaa juu ya ukuta wa bustani kutwa nzima, nikitazama dada yangu akikimbia, akipiga kelele, akisimama, akinywa maji, kisha akikimbia tena. Sikumwona na furaha ile tena kwa miaka mingi iliyofuata.

Filamu ikaja kwenye sinema ya mji mwezi wa Desemba. Ilikuwa inaitwa *Chura wa Mauti*. Baba yetu, Don Macedonio, msimamizi wa ghala la kupakia machungwa, alivaa suti yake ya kanisani, akawaalika ndugu zake na wake zao, akatuketisha safu ya mbele. Yeye alidhani anakwenda kuona msiba wa kweli, binti yake akifa kifo cha heshima kama wafavyo watu kwenye jukwaa. Chura alipotoka mferejini, mabuti ya mpira yakionekana chini ya turubai, ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Baba akakaza taya. Obdulia alipopiga ukelele wake, watu wakacheka zaidi. Alipomezwa, kuna waliokuwa wakifuta machozi, na bisi zilikuwa zinarushwa juu kama mvua. Baba akasimama. Alinishika mimi mkono huu, Obdulia mkono ule, akatutoa nje kabla filamu haijafika mwisho.

Tulipofika nyumbani Baba alivua kofia, akasema hakuna mtu atakayemcheka tena Cantú yeyote, na kwamba jambo lile limekwisha. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba mji umemdhihaki mtoto wake, na moyo ulimuuma kuliko alivyojua kueleza. Tatizo ni kwamba Obdulia naye aliamini. Hermilo aliporudi baadaye kumwomba aigize katika filamu nyingine, Baba alimjibia langoni kwamba binti anasoma. Dada akaenda chuo cha ualimu, akachagua hesabu, somo ambalo halichekwi na mtu. Baba akafariki, sinema ikageuzwa duka la samani, na sisi wawili hatukulizungumza jambo lile hata mara moja. Nilidhani filamu yenyewe imeshaoza mahali.

Haikuoza. Jumapili moja ya Novemba tulikuwa nyumbani kwangu, kama kawaida yetu, mbuzi mchanga akiiva polepole kwenye makaa, na mimi jikoni nikigeuza mikate myembamba ya tortila. Obdulia alikuwa kivulini uani, anamenya machungwa. Sebuleni alikuwepo mwanangu Leobardo na rafiki yake Yadira. Watoto hawa wana ugonjwa wao. Wenzao wanatafuta filamu mpya zenye magari ya kifahari. Wao wanatafuta zile kuukuu, zilizotengenezwa kwa senti mbili, ambazo popo ananing'inia kwa uzi na uzi unaonekana. Kuna mtu huko Monterrey anayeziokoa na kuziweka kwenye mtandao, na kila Jumapili hao wawili huketi na bakuli la bisi kama watu walio ibadani.

Basi nikasikia muziki. Ulikuwa kinanda kinachopigwa kwa kidole kimoja, na katikati yake sauti ya mtu mzima akijitahidi kukoroma kama chura. Tortila niliyokuwa nageuza ikaungua. Nikaenda sebuleni mbio, nikamnong'oneza Leobardo abadilishe.

"Kwa nini, Mama? Hii ndiyo bora kuliko zote tulizowahi kuona."

Nikabaki nimesimama nyuma ya kochi na mwiko mkononi, na nikisema nilitazama kwa sababu nilikosa la kufanya nitakuwa nadanganya. Ilikuwa tamu kupita nilivyokumbuka. Kulikuwa na mwanafunzi wa sekondari mwenye masharubu na upara, aliyeonekana wazi kwamba ana mke na watoto. Kulikuwa na profesa aliyekuwa anaeleza hatari ya dawa ya wadudu huku kivuli cha kipaza sauti kikimtembelea usoni kama nzi. Gari moja jekundu lilipita nyuma ya kila tukio, iwe mjini, iwe shambani, mpaka Leobardo na Yadira wakawa wanalisalimia. Mbwa wa mtu alitokea katikati ya shambulio la kwanza, akamkaribia yule chura wa kutisha, akamnusa mabuti, akatikisa mkia, akalala chini. Mwongozaji hakumkata. Chura akamruka mbwa kwa uangalifu, kisha akaendelea kuua.

Halafu akaingia Lulú, nywele zimetimuliwa kama kiota, anaimba peke yake. Chura akamtokea. Wasichana wote waliotangulia walikuwa wamekimbia au wamezimia. Lulú alipiga ukelele mmoja mrefu, kisha, kama aliyekumbuka kitu, akanyamaza, akainua kidole.

"Wewe," akamwambia chura. "Rudi ulikotoka. Sasa hivi."

Watoto walicheka mpaka Yadira akateleza kutoka kwenye kochi. Wakairudisha nyuma, wakaitazama tena. Wakairudisha tena. Mara ya tatu Leobardo aliacha kucheka. Akasogea mbele.

"Hiyo sauti naijua," akasema.

Yadira naye akaketi wima pale sakafuni. "Mimi pia," akasema polepole. "Hiyo sauti ilinitoa nje ya darasa Alhamisi."

Wote watatu tukageuka kwa pamoja, maana mlango wa uani ulikuwa umefunguka, na dada yangu alikuwa amesimama pale na kisu mkono mmoja na chungwa lililomenywa nusu mkono wa pili.

Leobardo aliparamia rimoti ili azime. Badala ya kuzima, akaigandisha, na akaigandisha mahali pabaya kuliko pote: mdomo wa chura uko wazi, umefunika kichwa cha Lulú mpaka masikioni, na chini unaona uso wa mama yake mkubwa wa miaka kumi na saba, jicho moja limefumba.

Obdulia aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akawatazama watoto juu ya miwani.

"Mnacheka nini?"

Aliuliza vile vile anavyouliza darasani. Mimi nilikuwa natafuta cha kusema, kuhusu mbuzi, kuhusu chochote. Aliyejibu ni Yadira, akiwa bado ameketi sakafuni.

"Tunacheka kwa sababu ni nzuri, Mwalimu."

"Kitu kizuri hakichekwi."

"Kinachekwa, Mwalimu. Samahani, lakini kinachekwa." Mtoto wa watu hakurudi nyuma. "Wengine wote humu wanamwogopa chura. Huyu tu ndiye anayemgombeza. Tumemrudia mara tatu, na kabla hatujajua ni wewe."

Obdulia akaweka kisu na chungwa juu ya kabati. Mimi namjua dada yangu. Nilijua kwamba hapo anaweza kuchukua mkoba wake akaondoka, na asirudi kwangu mpaka Krismasi. Badala yake akavuta kiti cha pembeni, kile kigumu, akakalia ukingoni kama mtu anayesubiri daktari.

"Endelezeni," akasema. "Mimi mwisho wake sijawahi kuuona."

Leobardo alinitazama. Nikamwashiria abonyeze.

Chura akaanza kummeza Lulú, kazi iliyomchukua muda, maana mdomo ulikuwa mdogo na mabega hayakupita. Ilionekana wazi kwamba kuna mkono wa binadamu ndani unaomsaidia kumvuta. Hakuna aliyethubutu kucheka. Leobardo alikuwa anang'ata shavu kwa ndani, Yadira amefunika uso kwa mto. Miguu ya Lulú ikabaki nje, inapiga teke, inapiga teke, haimalizi.

"Pale nilikwama," Obdulia akasema taratibu. "Kamba ya kiatu ilinasa kwenye zipu."

Mto wa Yadira ukatoa mlio.

Baadaye kidogo profesa aliukuta mwili wa Lulú kando ya mfereji, ingawa tulikuwa tumemwona akimezwa mzima. Mwongozaji, nadhani, alisahau. Profesa akapiga magoti akalia. Maiti ilikuwa imelala chali, ina damu shavuni. Na maiti ilikuwa inatafuna.

"Mama mkubwa," Leobardo akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "unatafuna nini?"

"Peremende ya ukwaju," Obdulia akajibu. "Ile damu ilikuwa juisi ya maua mekundu ya rozela na sukari. Sisimizi walinijaa shingoni, na Hermilo alinikataza nisijikune. Nikamwambia basi nipe kitu mdomoni cha kunituliza."

Akamaliza kusema, midomo ikamcheza. Alijaribu kuikaza. Kwenye runinga maiti ikahamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile, bila haraka. Na hapo dada yangu akapasuka. Alicheka kicheko nilichokuwa nimekisahau kabisa, cha kukoroma puani, kile ambacho mama yetu alikuwa akimkataza mbele ya wageni. Watoto nao wakajiachia. Mimi ilinibidi nishike kochi. Kila tukitulia, mmoja anasema "sisimizi," tunaanza upya.

Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayesimulia. Mwanafunzi mwenye upara alikuwa fundi bomba aliyekuja kudai ujira wake kwa Hermilo akaishia kupewa sehemu. Gari jekundu lilikuwa la kasisi, aliyekuwa akipita makusudi kwa sababu alitaka kuonekana. Sauti ya chura aliitoa Hermilo mwenyewe, na ilimuuma koo wiki nzima. Alikuwa anayakumbuka yote. Miaka yote ile alikuwa nayo kichwani, yamekunjwa vizuri kama shuka za wageni.

Ukafika mwisho, ambao kati yetu hakuna aliyeujua. Vijana waliobaki wakamwagia chura magunia ya chumvi kutoka kwenye lori, na chura akafa kwa kucheza, ngoma ndefu ya huzuni, mikono juu, akizunguka. Alipoanguka, fundi bomba akasogea, akainama, akafungua zipu ya tumbo mbele ya macho yetu bila aibu yoyote. Na watu waliomezwa wakaanza kutoka, wakavu, wamechana nywele. Wa kwanza kutoka alikuwa Lulú, na taulo lake begani. Hakuna aliyeeleza yule maiti wa mferejini alikuwa nani. Lulú akamtazama chura, akampiga teke dogo, akaiangalia kamera akatabasamu. Picha ikaganda juu ya tabasamu lile.

Obdulia alikuwa ameacha kucheka. Alivua miwani.

"Tukio lile walilipiga siku ya mwisho," akasema. "Nilidhani wanajaribu taa tu, kwamba halitaingia kwenye filamu." Akaifuta miwani kwa ncha ya blauzi. "Kwa hiyo sikufa."

"Hukufa, Dada."

"Baba angekaa kidogo tu."

Basi nikafanya kitu ambacho hata sasa najipongeza. Nilikwenda jikoni, nikampigia simu Eleuterio. Chura yule sasa ana duka la aiskrimu karibu na uwanja wa kanisa, ana mvi, ana wajukuu, na mke wake alifariki zamani. Nikamwambia tuna mbuzi, na tuna Chura wa Mauti sebuleni. Akauliza kama Obdulia yupo. Nikamwambia yupo, na anacheka. Akasema anafunga duka.

Alikuja na ndoo ya aiskrimu ya njugu za pekani chini ya kwapa, shati limepigwa pasi upesi upesi, kola imebaki na mikunjo. Watoto walimpokea kama rais. Yadira alitaka kumshika mkono, mkono ule ule uliowavuta watu ndani. Eleuterio alisalimia wote, kisha akasimama mbele ya Obdulia, hajui akae wapi.

"Ulitoka mapema ile siku," akamwambia.

"Baba alituondoa. Watu walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanatucheka wote. Mimi ndiye niliyevaa mabuti." Akaweka ndoo mezani. "Lakini ulipotoka tumboni na lile taulo, Obdulia, ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi, walipiga miluzi, waliita Lulú, Lulú. Hermilo alilia. Mimi niligeuka nikupungie, nikakuta viti vitupu."

Obdulia akavaa miwani. "Na miaka yote hii ulishindwa kuniambia?"

"Ungeambiwaje? Ukiniona unanisalimia kama mzazi aliyekuja kulalamikia alama za mwanawe."

Leobardo alitoka nje haraka, akisema anakwenda kumwangalia mbuzi. Tulimsikia akicheka huko uani. Obdulia akasogeza kiti kile kigumu akakivuta kile kizuri, chenye mto, akamwambia Eleuterio akae. Tulikula tumechelewa, mbuzi amekauka kidogo upande mmoja, na hakuna aliyelalamika. Baada ya chakula tukaiweka filamu tena tangu mwanzo, kwa sababu Eleuterio alitaka kuonyesha mahali alipotumbukia mferejini kwa kweli na karibu azame, na kweli ukitazama vizuri unaona chura anaomba msaada. Fundi bomba ndiye aliyemtoa.

Ya Jumatatu niliyapata kwa Yadira. Anaapa yeye hakusema, na Leobardo anaapa vile vile, lakini habari ilifika shuleni kabla ya kengele. Saa ya hesabu Obdulia alikuwa ameupa darasa mgongo, anaandika ubaoni, na mtu mmoja kule nyuma akakoroma kama chura. Mwalimu akamaliza kuandika mlinganyo wake mpaka nukta. Akageuka, akainua kidole, akasema yale maneno ya Lulú, kwa sauti ile ile. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha akawapa mazoezi, tena mengi kuliko siku zote, na wakayafanya.

Jumapili iliyofuata nilidhani tutapumzika. Obdulia alifika kabla tortila hazijaanza, amebeba bisi, na Eleuterio nyuma yake na ndoo nyingine, safari hii ya embe. Leobardo alikuwa amepata moja inayohusu maiti aliyekaushwa wa kale anayefanya kazi ya udereva wa teksi huko Guadalajara na kuwaua abiria wasiofunga mlango vizuri. Bandeji zake, mtu yeyote aliweza kuona, zilikuwa karatasi za chooni, na mvua ilikuwa inakaribia kunyesha katika tukio la kwanza kabisa.

Yadira alitaka kueleza nani ni nani. Dada yangu alivua viatu, akapandisha miguu kwenye kochi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mwanafunzi.

"Nyamaza, binti," akamwambia, macho hayabanduki kwenye runinga. "Huyu jamaa sasa hivi ataloa, na mimi nataka kuona watafanyaje."